Fremu ya Picha Inaposumbua Kwenye Slaidi: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mtu anaposema kwamba fremu ya picha imemharibikia kwenye slaidi, huenda anazungumzia kimojawapo kati ya vitu vitatu tofauti kabisa, na dawa ya kimoja haifai kwa kingine. Kuna mstari ambao programu yenyewe huuchora kuzunguka ukingo wa picha. Huo ni sifa ya picha, kama vile rangi ilivyo sifa ya herufi. Kuna fremu inayojitegemea, ambayo kwa kawaida ni picha nyingine yenye maua, kamba au nakshi pembeni na uwazi katikati, iliyolazwa juu ya picha ya kwanza. Kisha kuna fremu iliyomo ndani ya faili lenyewe, iliyochorwa na mtu kwa programu ya kuhariri picha kabla faili halijafika kwenye slaidi, na ambayo sasa haitengani na picha.

Kwa hiyo, kabla ya kubofya lolote, buruta picha kidogo upande mmoja. Fremu ikibaki nyuma, inajitegemea. Ikifuatana na picha, chagua picha hiyo kisha uondoe mstari wake kwa kuchagua hali ya kutokuwa na mstari wowote: fremu ikitoweka, ilikuwa mstari wa programu; isipotoweka, ama imo ndani ya faili, ama picha na fremu zimeunganishwa kuwa kundi moja. Kundi hujulikana kwa kubofya mara ya pili palepale, kwa kuwa mbofyo wa kwanza hulichagua kundi zima na wa pili huchagua kilichomo ndani yake. Ukishajua unashughulika na fremu ya aina gani, tengua ulichofanya kwa Ctrl+Z na uendelee na sehemu inayokuhusu. Maelezo mengi hapa yanafuata PowerPoint, na Google Slides inatajwa pale inapotofautiana nayo.

Mahali pa kuweka mstari hapaonekani

Katika PowerPoint, kichupo cha “Picture Format”, ambamo kitufe cha “Picture Border” kimo, hujitokeza pale tu picha inapokuwa imechaguliwa, na hujificha ukibofya kwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Ikiwa picha haichaguliki hata uibofye vipi, basi haimo kwenye slaidi yenyewe, bali ni mandhari ya nyuma au imewekwa kwenye slaidi mama, yaani kiolezo ambacho slaidi nyingine hurithi mwonekano wake, kinachofunguliwa kwa kwenda “View” kisha “Slide Master”. Picha iliyo kwenye slaidi mama huwekewa mstari hukohuko. Picha iliyo mandhari ya nyuma haiwezi kuwekewa mstari kamwe, hivyo ama uiingize upya kama picha ya kawaida, ama uchore mstatili usio na rangi ndani yake juu ya slaidi.

Kwenye Google Slides vitufe vya rangi, unene na mtindo wa mstari vimo kwenye upau wa juu, navyo pia husubiri picha ichaguliwe.

Mstari umewekwa lakini hauonekani

Hapa rangi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Mstari mweupe juu ya slaidi nyeupe upo, ila macho hayauoni. Vilevile mstari ambao uwazi wake umesogezwa hadi asilimia 100. Rangi ikiwa sahihi, tazama unene, na hapa hesabu kidogo husaidia. Unene hupimwa kwa pointi, na pointi 72 hufanya inchi moja. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa inchi 13.33, ambazo ni pointi 960. Ikionyeshwa kwenye skrini yenye pikseli 1920 kwa upana, kila pointi hupata pikseli 2. Mstari wa pointi 0.25 hupata nusu ya pikseli, na kwa kuwa skrini haiwezi kuwasha nusu ya pikseli, huuchora kwa rangi hafifu inayokaribia kupotea. Kwenye projekta yenye pikseli 1280 hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hata mstari wa pointi 1 hupata pikseli moja na theluthi tu. Binafsi sishuki chini ya pointi 1.5 kwa kitu kitakachotazamwa na watu walioketi mbali.

Hesabu hiyohiyo inaeleza lalamiko jingine, kwamba mstari wa pointi 3 unaonekana mnene zaidi kwenye Google Slides kuliko kwenye PowerPoint. Wasilisho jipya la Google Slides huwa na upana wa inchi 10, yaani pointi 720, na linapopanuliwa lijaze skrini ileile ya pikseli 1920, mstari huo hupata pikseli 8 badala ya 6. Programu zote mbili ziko sawa. Kinachotofautiana ni ukubwa wa slaidi. Ukihamisha picha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, rekebisha unene kwa jicho na usishikilie namba.

Mtindo wa mstari maradufu nao huwadanganya wengi. Mtu huchagua mistari miwili sambamba, akaona mmoja tu, akadhani programu imekataa. Unene unaoandikwa pale ni wa mistari yote miwili pamoja na nafasi iliyo kati yake, kwa hiyo kwenye pointi 1 hakuna pa kuigawa. Anza na pointi 3, na kwa mtindo wa mistari mitatu panda hadi 6.

Mstari ukionekana kama umefutwa kwa kidole, ukififia kuelekea nje, kagua athari za picha. Athari ya kulainisha kingo hulainisha mstari pamoja na picha, na mstari mwembamba humezwa wote. Huwezi kuwa na kingo laini na mstari mkavu juu ya picha ileile. Ukivitaka vyote, mstari uwe mstatili wa pekee.

Mstari unapita mahali pasipo na kitu

Picha ya PNG, aina ya faili inayoweza kuhifadhi uwazi, ambayo mandhari yake ya nyuma yameondolewa, tuseme chungu au mtu aliyesimama peke yake, ikiwekewa mstari, mstari huzunguka mstatili usioonekana ulio mbali na kitu chenyewe. Programu haifuati umbo unaloliona, inafuata mipaka ya faili. Nafasi hiyo tupu ikiwa kubwa, ikate kwa zana ya kukata kando (“Crop”) hadi mstatili ukaribie umbo. Ikiwa unachotaka hasa ni mstari unaofuata umbo la mtu huyo, mstari wa picha hautakupa. Lakini athari ya mng'ao katika PowerPoint hufuata sehemu zinazoonekana, na mng'ao wa rangi moja, wenye ukubwa mdogo na usio na uwazi, hukaribia sana kuwa mstari wa ukingo. Kivuli nacho hufuata umbo kwa namna hiyohiyo.

Kinyume chake hutokea kwa aikoni za SVG. Ukichagua aikoni na kuiwekea mstari, kila kipande chake huchorewa ukingo, na gari linageuka kuwa fumbo la mistari. Faili la SVG limeundwa kwa maumbo, na programu inachukulia kwamba unataka kuyapaka maumbo hayo. Hapa chora mstatili au duara nyuma ya aikoni na uunganishe viwili hivyo kuwa kundi, au hifadhi aikoni kama PNG kisha uiingize upya.

Picha iliyokatwa kwa umbo, kama duara, haina tabu, kwa sababu mstari hulifuata umbo hilo. Duara likitoka kama yai, kosa limo katika uwiano: weka uwiano wa 1:1 kwenye zana ya kukata kando, na yai litakuwa duara.

Pembe zimepinda, au upande mmoja umepotea

Pembe zinazoonekana kama zimelambwa, ilhali ulitaka pembe kali, hutokana na namna mistari inavyoungana kwenye kona. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, fungua paneli ya umbizo la picha, nenda kwenye sehemu ya mstari, na kwenye “Join type” uchague “Miter”. Kasoro hii haionekani kwenye mstari mwembamba. Hujitokeza mstari unapofika pointi 6 na kuendelea.

Upande mmoja wa fremu ukitoweka wakati wa kuonyesha, huku kwenye hali ya kuhariri ukiuona vizuri, picha imegusa au imevuka ukingo wa slaidi. Vipimo vya urefu na upana unavyoviona kwenye visanduku havijumuishi unene wa mstari, hivyo picha iliyopimwa ienee slaidi nzima sawasawa huacha mstari wake nje, pale ambapo onyesho halifiki. Ipunguze picha kwa kiasi kinachozidi kidogo unene wa mstari kila upande. Sababu hiyohiyo ndiyo hufanya picha mbili zilizopangwa zikigusana zionekane na mstari mzito katikati, kwa kuwa mistari miwili imekutana hapo.

Aliyechora mstatili wake mwenyewe kuwa fremu ajue pia kwamba mstari wa umbo hukaa nusu ndani na nusu nje ya ukingo wake. Mstatili wenye ukubwa sawa na picha, ukiwa na mstari wa pointi 12, hufunika pointi 6 za picha kila upande, na maandishi yaliyo karibu na ukingo wa picha hukatwa.

Fremu ya nakshi

Wengi huja hapa wakitoka kwenye Word, ambako mipaka ya ukurasa ina orodha ndefu ya mapambo tayari: miti, nyota, tufaha na kadhalika. Huitafuta orodha hiyo kwenye PowerPoint wasiipate, kwa sababu haipo. Mstari wa picha katika PowerPoint unaweza kuwa na rangi moja au rangi zinazofifiana, unaweza kukatwakatwa au kuwa maradufu, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Ipo pia mitindo ya picha iliyo tayari, yenye fremu nyeupe, kivuli na hali ya kuinama kidogo, nayo inatosha mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Anayetaka maua lazima alete picha ya maua, na tangu hapo anasimamia vitu viwili badala ya kimoja.

Tatizo la kwanza ni fremu kuificha picha. Katikati yake ni peupe badala ya kuwa wazi. Ikiwa faili ni JPEG, usipoteze muda kutafuta kitufe, kwa kuwa JPEG haihifadhi uwazi kabisa. Popote palipokuwa wazi pamejazwa rangi. Tafuta PNG. Ikiwa ni PNG na bado unaona miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti, umehifadhi picha ya miraba hiyo, yaani kielelezo cha uwazi badala ya uwazi wenyewe. Faili hilo halifai, na kulifuta miraba mmoja mmoja ni kazi kubwa kuliko kutafuta fremu nyingine.

PowerPoint ina zana ya kugeuza rangi moja kuwa wazi, iliyo chini ya menyu ya rangi ya picha. Inafanya kazi vizuri kwenye fremu iliyochorwa kwa rangi tambarare. Kwenye JPEG huacha vumbi jeupe pembeni mwa kila ua, kwa sababu ule weupe uliobanwa si weupe mmoja bali ni rangi nyingi zinazokaribiana, na zana huondoa mmoja tu. Tena huondoa rangi hiyo kila mahali, hivyo petali nyeupe nazo hutoboka na picha ya chini ikachungulia kupitia kwake.

La pili ni fremu kuvutika. Nakshi zilizochorwa kwa mraba zikinyooshwa zifuate picha pana, maua ya duara huwa mapana kama sahani na pembe hupoteza umbo. Njia ninayoipendekeza ni kuiacha fremu katika uwiano wake na kuikata picha iifuate, wala si kinyume chake. Panua fremu kwa kuvuta kona zake, kamwe usivute katikati ya upande. Chora mstatili wa muda unaojaza uwazi wa fremu, soma urefu na upana wake kwenye visanduku vya vipimo, uufute, kisha ukate picha yako ipate vipimo hivyo ikiwa imezidi kama milimita 2 kila upande, ili kando zake zijifiche chini ya fremu badala ya kuacha ufa wa mwanga. Fremu iwe mbele, picha nyuma.

Ikiwa picha haikatiki, kwa mfano ni jedwali au ramani ambayo kila kona yake inahitajika, fremu yenyewe inaweza kugawanywa: nakili nane za fremu hiyo, nne zikikatwa zibaki kona tu, na nne zibaki pande tu. Kona hazibadilishwi ukubwa. Pande ndizo huvutwa. Matokeo ni safi ikiwa pande zina mistari iliyonyooka, lakini zikiwa na maua yanayojirudia, yatavutika vilevile, na kazi yote hiyo haifai isipokuwa kwa kiolezo kitakachotumika tena na tena.

Fremu yenye ukungu au kingo za ngazi haina dawa ndani ya slaidi. Picha yenye upana wa pikseli 600 ikitandazwa kwenye skrini ya pikseli 1920 hunyooshwa zaidi ya mara tatu, na nakshi nyembamba ndizo huumia kwanza. Ikiwa fremu ilikuwa safi ulipoiingiza kisha ikaharibika baada ya kuhifadhi, basi programu imebana picha. Zima ubanaji huo kwenye mipangilio ya wasilisho, kisha uiingize fremu upya, maana kilichokwisha kupotea hakirudi.

La tatu ni kushindwa kuifikia picha iliyo chini. Ukibofya katikati ya fremu unachagua fremu, ingawa pale ni wazi. Fungua “Selection Pane” kwa Alt+F10; paneli hiyo huorodhesha kila kitu kilichomo kwenye slaidi, na unaweza kuchagua picha kwa jina lake au kuificha fremu kwa muda kwa kubofya alama ya jicho. Nashauri ubadilishe majina papo hapo, kwa sababu orodha ya vitu vyenye majina ya namna moja na namba tofauti haimsaidii yeyote.

Vitu viwili vikishakaa sawa, viunganishe kwa Ctrl+G ili visogee na kuzungushwa pamoja. Amri ya kuunganisha ikikataa, karibu kila mara sababu ni kwamba picha iliingizwa kupitia kisanduku cha mpangilio, kile chenye alama katikati kinachosubiri kujazwa, na visanduku vya namna hiyo haviunganishwi na vingine. Futa picha, futa na kisanduku tupu kinachobaki, halafu ingiza picha upya ikae huru. Ukumbuke pia kuunganisha kabla ya kuweka miondoko (“Animations”), kwa kuwa kuunganisha vitu vilivyokwisha kupewa miondoko huifuta. Picha inayoingia ikipepea huku fremu yake imesimama tayari ikisubiri ni dalili ya mtu aliyeweka mwondoko kwenye picha pekee.

Wapo wanaojaribu kuweka fremu ya nakshi kwenye slaidi mama ili wasiirudie. Fikra ni nzuri, lakini kila kilichomo kwenye slaidi mama hukaa nyuma ya kila kilichomo kwenye slaidi, bila njia ya kukileta mbele, kwa hiyo picha itaifunika fremu. Inafaa tu ikiwa picha ni ndogo kuliko uwazi wa fremu na inatua ndani yake bila kuzigusa nakshi.

Fremu ambayo hukuiomba

Mstari mwembamba wa kijivu au mwekundu kuzunguka picha uliyoinasa kwenye skrini kwa kawaida umo ndani ya faili. Zana za kunasa skrini, ikiwemo ile inayokuja na Windows, zina mpangilio wa kuongeza mpaka kwenye kila picha. Uuzime, na kwa picha zilizokwisha kunaswa kata pikseli chache kila upande.

Mistari ikitokea kwenye karatasi pekee, ikizunguka slaidi nzima, chanzo kimo kwenye mipangilio ya kuchapisha, ambako kuna chaguo la “Frame Slides”. Niliwahi kupekua slaidi mama moja baada ya nyingine nikitafuta mstari wa namna hiyo, na haukuwemo, kwa kuwa ulikuwa unaongezwa na amri ya kuchapisha wakati karatasi inatoka. Kinyume chake, fremu iliyo ukingoni kabisa mwa slaidi ikipotea kwenye karatasi, ni kwa sababu mashine nyingi za kuchapisha haziwezi kupaka wino hadi mwisho wa karatasi; isogeze ndani.

Picha moja ina fremu, nyingine haina, na rangi zinabadilika

Rangi ya mstari iliyochaguliwa kutoka safu ya rangi za mandhari ya wasilisho (“Theme Colors”) haihifadhiwi kama rangi, huhifadhiwa kama nafasi, kwa mfano “rangi ya pili ya mkazo”. Ukiibandika picha kwenye wasilisho jingine, nafasi hiyo ina rangi nyingine, na mstari wa buluu unakuwa wa machungwa. Ama bandika kwa chaguo la kuhifadhi umbizo la asili, ama uchague rangi kwa namba zake.

Kwa wasilisho lenye picha nyingi, usiwekee kila picha mstari kwa mkono. Fungua slaidi mama, chagua mpangilio wenye kisanduku cha picha, na ukiwekee mstari kisanduku hicho. Kila picha itakayoingizwa kupitia kwake itaurithi. Picha iliyobandikwa kando ya kisanduku haitaurithi, na hiyo ndiyo sababu ya ile picha moja iliyobaki uchi kati ya kumi. Kwa picha zilizokwisha kuwekwa, chagua yenye mstari sahihi, bofya mara mbili brashi ya kunakili umbizo, pitia nyingine moja moja, kisha bonyeza Esc. Na ukihitaji kubadilisha picha bila kupoteza fremu, usiifute; bofya kwa kitufe cha kulia na utumie amri ya kubadilisha picha, ambayo huleta faili jipya ndani ya umbizo la zamani.

Programu inayosoma skrini kwa sauti ikitamka “picha” mara mbili kwa kila slaidi, ya pili ni fremu ya nakshi. Kwenye paneli ya maelezo mbadala kuna kisanduku cha kuitambulisha kuwa pambo tu. Kikitiwa alama, msikilizaji hupelekwa moja kwa moja kwenye picha yenye maana.